Mama Mawingu na Lango la Mtoni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mawingu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshona nguo. Siku hiyo mvua ilinyesha na paa likavuja. Badala ya kulia, kichanga alikodoa macho kwenye dari. Mkunga akacheka, "Huyu atakuwa na wasiwasi huyu!" Hakukosea hata kidogo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akajiunga na chuo cha ufundi, akafuzu kutia rangi vitambaa mwaka 1974. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja: mvua ikianza, ananyoosha kidole kuuliza kama madirisha yamefungwa, hata ya darasa la jirani.

Aliajiriwa katika karakana ya shangazi yake ng'ambo ya daraja, na baadaye akairithi. Alishinda kwenye mapipa ya rangi, mikono ya buluu hadi viwikoni. Maji ya kusuuzia yalishuka mtoni kama ya kila mtu: damu ya machinjio, oili ya gereji, maji ya kuoshea mabomba ya dawa za mashamba, na mengine yasiyosemeka mbele ya wakwe. Mto ulibeba tu, na hakuna aliyeuliza unapeleka wapi.

Jibu alilipata kwenye ndoa. Mwaka 1981 aliolewa na fundi baiskeli kutoka mwisho wa bonde, wanakokunywa mto huohuo. Alipokwenda ukweni mara ya kwanza, mama mkwe alimkaribisha kwa utani: "Karibu mwanangu. Sisi huku hatuendi sokoni kutazama fasheni, mto hutuletea. Juzi mlivaa zambarau, sasa naona mmehamia kijani." Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi hakucheka. Alikuwa ametazama nguo nyeupe za watoto kwenye kamba, kisha ndoo ya maji ya kunywa, na hofu ikamwingia. Tangu siku ile haikumtoka.

Yeye na mumewe walichimba mabwawa matatu nyuma ya karakana, ambamo chokaa na shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, zilituamisha rangi chini ikawa tope. Bwawa la mwisho walilipanda matete, wakaliwekea lango la chuma. Kiangazi maji yaliyosafika hutoka pole pole. Mvua ikija lango lazima lifungwe, la sivyo mto ukifura utaingia bwawani na kuondoka na tope lote kwa mara moja. Ndipo akaanza kuwazungukia majirani. "Wewe mwenye rangi ndio utufundishe usafi?" wakamkejeli wa machinjioni. "Njooni mwone kwangu, kisha mnitukane vizuri," akawajibu. Walikuja. Machinjio yakachimba shimo lake, gereji ikaanza kukusanya oili, na wakulima wakaacha nyasi ukingoni. Si wote, na si kila siku; hilo nalo lilimkosesha usingizi.

Mwaka 1998 mlinzi wa karakana alimwambia lango limefungwa, naye mlinzi aliamini hivyo. Kumbe gogo lilikuwa limekwama chini yake. Tope lilishuka lote, na kule ukweni watoto wakaugua. Wifi yake akazika mmoja. Alilia, jamani, alilia hadi sauti ikamkauka. Baada ya hapo hakuamini mdomo wa mtu. Ulimi hauna mfupa, alisema. Alitaka mtu azamishe mkono majini, ahisi chuma kimekalia jiwe la kizingiti. "Umeshika?" Ndilo lililokuwa swali lake.

Kwenye harusi ya mwanawe wa kwanza, keki haijakatwa, alichomoka na gauni lake refu. Bwana harusi akauliza, "Mama yuko wapi?" Ukumbi mzima ukajibu, "Tazama mawingu!" Alirudi na tope hadi magotini, akacheza kuliko wote.

Mwaka juzi moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimshauri apunguze hofu. "Niipunguze nimwachie nani, daktari?" akauliza. Tulicheka tu.

Alifariki tarehe 14 Machi alasiri, mvua ikianza. Kitinda mimba wake aliingia wodini akichuruzika maji. "Umefunga?" "Nimefunga, mama." "Umeshika?" "Nimeshika. Jiwe nimelisikia." Akafumba macho.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, wifi yake, na sisi wadogo zake tulioandika haya. Mvua ikinyesha leo, kitinda mimba atachelewa kufika kaburini. Msimseme vibaya. Atakuwa langoni, kwa agizo la mama yake, na jeneza litamsubiri hadi aje atuambie ameshika.

Mungu ampumzishe kwa amani, na hofu yake atuachie sisi.