Mbuzi Waliogoma Jumapili

Nje ya duka la Ebei hapa Lodwar, mwaka huu wa sabini na sita, kuna ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili. Hapo ndipo wanaume wa kituo cha utafiti wa mbuzi hunywa kahawa na kujua kila kitu. Jumamosi hii Shadrack, karani wao, anayeitwa Kalamu, hana raha. Mkuu mpya anaingia saa kumi kutoka Nairobi, na ametanguliza barua yenye maswali mawili: mbona maziwa hukauka Jumapili, na mbona katika orodha ya wapimaji wa maziwa hakuna mwanamke wala Mturkana hata mmoja? Majibu yakikosekana, karani afungashe virago.

— Kosa ni ya mkuu wa zamani mwenyewe, alisema Mureithi, yaani Mizani. Si alisema Jumapili watu wapumzike, abaki mmoja wa zamu? Mbuzi ikasikia.

— Hizi ni Wakristo, akadakia Kiplagat, yaani Redio. Kengele ya misheni ikilia tu, kiwele inafunga.

— Wapi! Imeunda chama. Ile beberu ya pembe moja ndiyo mwenyekiti.

— Beberu na maziwa wapi na wapi?

— Ndiyo maana ni mwenyekiti. Kazi hafanyi!

Wakacheka mpaka ubao ukayumba. Shadrack hakucheka. Jibu alilijua tangu asubuhi, ila aliomba mmoja wao azue uongo mzuri zaidi.

— Na hii ya wanawake, niandike nini?

— Andika ukweli, bwana. Hii ni sayansi. Mwanamke anajua hii kazi utatoa wapi? alisema Mizani, akisugua goti alilopigwa teke na mbuzi Jumapili ya zamu yake.

Mama anayefagia kituo alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama, akawasalimu Kiturkana.

— Ejok.

— Ejok, mama.

— Mimi nauliza tu. Jumapili nikienda kwa mama yangu kule Nawoitorong, nyinyi hukamua namna gani?

Redio akachungulia kikombe chake kitupu. Mizani akalifunika goti. Miezi minne mama huyu alikamua mbuzi wote, na wao wakajaza daftari kwa majina yao. Shadrack aliona aibu, aibu kweli. Akachomoa kalamu.

— Mama, kwani jina lako ni nani?

Mama akaweka ndoo chini.

— Akeno. Andika, nione. Lakini kesho ni Jumapili. Siko.