Mdogo Wangu na Kichwa cha Kabati la Tatu

Ndugu wafiwa, majirani na wenzake wa kazini, mimi ni dada wa marehemu, na nimepewa kazi ya kumweleza mtu ambaye sikumwelewa. Nivumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba wa fundi viatu na mkunga. Alikuwa mbishi tangu hajaota meno. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya posta, ambako mwalimu wa dini alimtoa nje kwa kuuliza kama binadamu na nyani wana ukoo mmoja. Chuoni, mwalimu wa biolojia naye akamtoa nje, maana aliikataa ngazi iliyochorwa ubaoni: nyani chini, sisi weusi katikati, Wazungu juu. Mama alimuuliza, "Sasa wewe uko upande gani?" Akajibu, "Mama, ukoo hauna ngazi. Una matawi, na hakuna tawi lililo bwana wa jingine." Mama akamwambia ale kwanza.

Mwaka 1978 aliajiriwa na jumba la makumbusho kuongoza wageni. Huko, katika kabati la tatu, palikuwa na fuvu la mtu mweusi, lililochukuliwa zamani na Wazungu waliopima vichwa ili kupanga watu kwa daraja, na kubandikwa maneno "aina duni". Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, alisimama mbele yake na kusema, "Shikamoo." Wenzake walimcheka. Alisema, "Huyu alikuwa na mama yake. Siwezi kumpita kama kiti." Aliyecheka kuliko wote alikuwa mpiga chapa wa ofisi, wakaoana Agosti 1981, Mungu akawajalia mabinti wawili.

Ombi lake lilikuwa moja tu: kichwa kile kizikwe. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wakubwa wa makumbusho walimwambia, "Wewe si mtu wa sayansi? Hiki ni kielelezo." Kaka wa mke wake, ambaye ni mhubiri, akamwambia, "Wewe si ndiye unayesema sisi na wanyama ni ndugu? Heshima ya nini tena?" Wote aliwajibu jibu lilelile: nadharia ya ukoo mmoja ni kweli, ile ngazi ni uongo wa watu waliotaka kututawala. Wote wakamnunia. Mimi niliitikia huku, nikaitikia kule, na haki ya Mungu mpaka leo kichwa kinaniuma.

Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi. Tukienda kumwona hospitalini, hata hatujakaa, anauliza habari za barua yake ya mwisho kwa makumbusho, "Wamejibu?" Alifariki Alhamisi mchana, tarehe 14 mwezi huu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Majibu yalikuwa hayajafika.

Yamefika jana, pamoja na sanduku dogo lenye kile kichwa. Tulilizunguka pale sebuleni. Hatujui jina la mwenye kichwa, kwao, wala dini yake. Mhubiri akatoka kwenda kuwaambia wachimbaji waongeze kaburi la pili. Nikauliza, jamani, sasa nani aanze kuzikwa? Mjane akasema, "Mkubwa."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na mimi. Leo atasubiri kidogo. Kwanza tunamzika mgeni wake. Wapumzike wote wawili kwa amani.