Kigoda cha Mama Taratibu Kinarudi Nyumbani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika makumbusho yetu, mtunza ghala wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kazi ya kuandika wasifu wake imetuangukia sisi wa kitengo cha tovuti, na ndani yake kuna jambo moja ambalo mpaka leo hatujui vizuri lilikwendaje.

Alianza kwa kufuta vumbi kwenye makabati ya vioo. Alipohamishiwa ghalani akapewa jina la Mama Taratibu, maana hilo ndilo neno analomwambia kila anayenyanyua chungu. Kwake bangili huvuliwa mlangoni, na kitu hubebwa kwa mikono miwili hata kikiwa kijiko. Chenye namba hakivuki kizingiti bila sahihi yake. Mkurugenzi mmoja alijaribu kutoka na ngoma akawaonyeshe wageni wake. Aliirudisha mwenyewe, amenywea.

Tulipoanza kubuni tovuti ili watu watazame hazina zetu wakiwa kwao, sisi tulitaka picha za mbele tu. Mama Taratibu akatuuliza ni nani anayenunua chungu bila kukipindua. Leo kila kitu kwenye tovuti kina kitufe cha kukigeuza, na wageni hawakiachi.

Sasa tufike kwenye kizaazaa chenyewe. Siku ya kupiga picha, sakafu ya ghala ilikuwa ikipigwa deki, naye Mama Taratibu akapandisha mezani kigoda chake cha kukalia, alichotengenezewa na marehemu mumewe, fundi milango, kwa mabaki ya mbao. Akaenda kunywa chai. Mpiga picha akakikuta kimesimama na vyungu, akakipiga mbele, nyuma na chini, kikaandikwa namba. Jioni kikawa kwenye tovuti: "Kigoda. Mtengenezaji: hajulikani."

Wageni wakakipenda kupita kiasi. Mmoja alituandikia kwa kirefu kwamba mikwaruzo ya pembeni ni alama za ukoo, kumbe ni kazi ya binti wa Mama Taratibu, utotoni, na uma wa jikoni. Mwenyewe alicheka, akasema kigoda chake kimepata ajira bila usaili, akavuta kiti cha plastiki akalie badala yake. Lakini lile neno "hajulikani" lilimuuma. Tulitaka kuufuta ukurasa, akakataa, kwa kuwa binti yake aliyeolewa mbali hukitazama kwenye simu. Tulitaka kuandika jina la marehemu, tukaambiwa jina hutoka kwenye hati ya mapokezi, na kigoda hakijawahi kupokelewa na mtu.

Kustaafu kulipokaribia, aliomba jambo moja tu: aende nacho nyumbani. Ombi likapita ofisi zote likaishia kwa mtunza ghala, yaani yeye, naye akalikataa. Chenye namba hakitoki. Mwanasheria akasema kigoda si chetu, mhasibu akasema kina bima yetu, mkurugenzi akashika kichwa. Vikao vikawa vingi kuliko miguu ya kigoda. Hatimaye Mama Taratibu mwenyewe, amechoka kutusikiliza, akasema basi akipokee kwanza kwa hati, kama zawadi kutoka kwake mwenyewe, kisha makumbusho yamwazime, bila tarehe ya kurudisha. Tulikubali haraka, kabla hatujaanza kulifikiria.

Kwa hiyo sahihi yake ya mwisho kazini ni ya kukitoa kigoda chake mwenyewe. Alikikagua, akavua bangili, akakibeba kwa mikono miwili.

Mama Taratibu, asante kwa kutulea. Tunakutakia afya, wajukuu wasio na uma mkononi, na siku ndefu za raha. Ukurasa tumeusahihisha leo asubuhi. Jina la mumeo limeandikwa kamili, na chini yake, penye "Kilipo", tumeandika: "Nyumbani. Kinakaliwa."