Mzee Yekosofati Gidudu na Chakula cha Saa Saba

Taarifa ya uongozi wa kiwanda cha sabuni, iliyobandikwa langoni Jinja siku ya Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 na kupigwa muhuri mara mbili, inasema hivi: chakula cha mchana cha wafanyakazi kilibuniwa na uongozi mwaka 1998, baada ya utafiti wa kina, kama mbinu ya kisayansi ya kutia motisha na kuongeza uzalishaji, na marehemu Mzee Yekosofati Gidudu alikuwa mtekelezaji mwaminifu wa mbinu hiyo. Familia imeipokea taarifa kwa shukrani. Inasomwa kwanza hapa mazishini, kama uongozi ulivyoomba, na inasomwa kwa Kiswahili, kwa kuwa mabasi manne yaliyotoka Jinja asubuhi hii hayakubeba Wagisu peke yao.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 Bungokho, nje kidogo ya Mbale, mtoto wa tatu wa Mzee Timothy, mkulima wa kahawa, na Mama Nambozo. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtaratibu na mlaji mzuri.

Mwaka 1970 alivushwa mpaka kwenda kwa shangazi yake Chwele, upande wa Kenya, akasoma huko hadi Novemba 1975. Aliporudi, Kiswahili chake kilisikika mbali. Mzee Timothy alimkalisha chini. "Hicho Kiswahili kisafi kiache nyumbani," alimwambia. "Hapa kinaongewa na watu wenye bunduki, na hawapendi kurekebishwa." Tangu siku hiyo marehemu aliongea Kiswahili kama kila mtu. Alitahiriwa Agosti 1976, na kwa ushahidi wa waliokuwapo, ambao baadhi yao wamekaa hapa mstari wa mbele, hakupepesa jicho.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na Nabifo, hapa Mbale. Walijaliwa watoto watatu. Mama Nabifo ameomba isemwe tu kwamba katika miaka thelathini na saba hakumsikia akipandisha sauti, na kwamba jambo hilo lilikuwa linamkera.

Mwaka 1994 alipata kazi Jinja, katika kiwanda ambacho Bwana Hasmukh alikuwa amekifufua baada ya kurudi nchini kutoka uhamishoni. Alianza kwenye waya wa kukatia miche ya sabuni, na baada ya miaka miwili akawa msimamizi wa zamu. Kazi ya msimamizi ilikuwa kubeba maneno. Bwana Hasmukh aliyasema kwa Kiswahili cha Kihindi, marehemu akayatangaza kwa Kiswahili cha Kigisu, nao Wasoga, Wasamia na watu wa West Nile wakayapokea kila mmoja kwa namna yake. Walimwita Afande, kwa utani, kwa sababu alikuwa mtu wa mwisho duniani wa kuitwa hivyo.

Mwaka 1998 uzalishaji ulikuwa na ugonjwa. Asubuhi zilitoka katoni mia mbili. Kuanzia saa saba mchana zilitoka sitini, na miche yenyewe ilikatwa upande. Bwana Hasmukh alikuwa na kitabu cha misingi ya uongozi, na sura ya tisa ilimwambia kwamba mfanyakazi hudorora kwa kukosa kutambuliwa. Akaamua kwamba kila mwezi wafanyakazi wampigie kura mwenzao aliye bora, na picha ya mshindi itundikwe langoni. Alitengeneza sanduku kwa mikono yake mwenyewe. Jumatano tarehe 10 Juni akamwagiza marehemu atangaze.

Marehemu alipanda juu ya kreti akatangaza: "Kesho saa saba, kula. Kila mtu aje. Bwana anasema asibaki hata mmoja."

Kesho yake walikuja watu mia moja sitini na watatu, na kila mmoja alikuja na sahani. Walikaa uani kwa mistari, kimya, kama watu wa kanisani. Nangobi wa idara ya kufungasha, ambaye yupo nasi hapa, alikuja na beseni, kwa maelezo kwamba sahani nyumbani kwao Masese hazitoshi. Alimwuliza marehemu, "Afande, hii kula ya leo ni ya nyama ama maharage?" Marehemu alijibu kwamba hilo liko juu ya uwezo wake.

Bwana Hasmukh alitoka ofisini na sanduku mkononi. Ni vizuri kukumbuka kwamba msimamizi aliyetangulia alifukuzwa kwa ajili ya ndoo moja tu, na kwamba Mama Nabifo, katika chumba cha kupanga kule Mpumudde, alikuwa mjamzito wa miezi sita.

"Gidudu, mimi nilisema kura."

"Ndiyo, bwana. Nimetangaza kula."

"Kura."

"Kula, bwana."

"Sema rrr."

"Lll," alisema marehemu, kwa uso ule ule wa Agosti 1976.

Bwana Hasmukh alimwambia akachukue vitu vyake. Marehemu alikuwa amekwisha kuvua koti la kazi pale Mama Bhanumati, mkewe Bwana Hasmukh, alipotoka jikoni kwao, pembeni mwa ua, kuangalia kwa nini watu wengi hivyo wamenyamaza. Akaitazama ile mistari.

"Hawa watu wamekuja na sahani," alisema.

"Ni makosa ya lugha," alisema Bwana Hasmukh.

"Mtu amekuja kwangu na sahani. Wewe utamwambia ni lugha?"

Posho, yaani ugali, na maharage vilikuwa tayari saa tisa. Marehemu alivaa koti lake tena ili agawe, na hakuna aliyekumbuka kumvua. Kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja zilitoka katoni mia moja arobaini, zimenyooka. Bwana Hasmukh alizihesabu mara mbili. Siku iliyofuata watu walikuja tena na sahani. Alipouliza nani kawaita, marehemu alisema hakuna, bwana, ni mazoea. Sanduku la kura, lenye tundu juu, likawa la kuwekea vijiko, na ndilo hadi leo.

Bwana Hasmukh alifariki mwaka 2016, na mwanawe, Bwana Manish, akashika uongozi. Aliandika kijitabu cha misingi ya kiwanda, na chakula kikawa sura ya kwanza. Wataalamu walikuja kutoka Kampala, wakapima upawa.

Marehemu alistaafu 2018 akarudi Mbale, Namakwekwe. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mwezi Aprili mwaka huu Bwana Manish alimtembelea wodini, akamwuliza mbele ya binti yake Nandutu kama siku ile alikosea kweli. "Nilitangaza nilivyosikia, bwana," marehemu alijibu. "Tumbo lilikuwa na kelele." Kisha akauliza siku hizi wanapika nini. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei, saa sita na dakika arobaini mchana, akiwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, Mama Nabifo, watoto Nandutu, Timothy na Khainza, wajukuu saba, na wafanyakazi mia mbili na kumi ambao leo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, watakula mbali na kiwanda. Mungu amlaze palipo na amani. Kengele ya zamu haimhusu tena.

Katika kopo la bati alimoweka hati ya kiwanja, familia imekuta cheti cha shule ya Chwele, cha Novemba 1975: nafasi ya kwanza, kusoma Kiswahili kwa sauti. Kwenye mstari wa matamshi mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "R na L: hakosei."