Niliziona Kandambili, Nikasema Shauri Yake

Bwana asifiwe! Hapana, ndugu zangu, hiyo si Amina ya watu walio hai. Bwana asifiwe! Haya, afadhali. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie, na hasira yenyewe naianzia kwangu mimi.

Mimi ni Baba Kulwa, mzaliwa wa Mhunze. Naendesha winchi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huku upande wa Runzewe. Nawashusha wachimbaji, nawapandisha, naangalia mashine inayowapelekea hewa chini. Si kazi ngumu. Inataka mtu mwenye macho na mwenye kujali, basi! Na mimi macho nilikuwa nayo.

Sikuwa mlevi. Ningekuwa mlevi mngeniombea mapema! Ugonjwa wangu ulikuwa "shauri yao". Kamba ya winchi inachakaa? Shauri yao. Bati la nyumbani linavuja juu ya watoto? Nasogeza kitanda. Siku moja Mama Kulwa akaniuliza, "Hivi wewe Baba Kulwa, kuna kitu chochote kinachokuuma?" Nikamwambia hakuna, na nikaona nimejibu vizuri. Hata hapa kanisani nilisimama mkisimama, nikakaa mkikaa.

Sasa sikilizeni. Pale kwetu kila anayeshuka huvaa buti, na kandambili zake huziacha kwenye ubao kando ya winchi. Akipanda, anazichukua. Kabla ya kuzima hewa, mwenye winchi anatazama ubao. Ukiwa mtupu, anazima. Jamani, kuna ugumu gani hapo?

Adhuhuri moja watu walipanda kwenda kula. Kwenye ubao zikabaki kandambili za bluu, moja imefungwa waya. Niliziona, ndugu zangu! Msiniambie shetani alinifumba macho, shetani tunamsingizia mengi. Niliziona, nikasema, "Kazisahau, shauri yake." Nikazisukuma kwa mguu zikaanguka, nikazima mashine, nikaenda kwa mama ntilie kula wali maharage.

Nimefika nusu ya sahani, akaja Mama Shija, mke wa mchimbaji mwenzetu Masanja.

"Shemeji, Masanja yuko wapi? Kandambili zake nimezikuta chini pale."

Bila kuinua kichwa nikamjibu, "Sijui."

Yule mama aligeuka, akarudi mbio shimoni. Na hapo ndipo Mungu aliponipiga! Nililisikia lile "sijui" langu, nikamchukia mtu aliyelisema. Niliacha sahani nikakimbia, nalia, naomba kwa sauti mbele za watu, mimi ambaye maombi yangu yalikuwa ya midomo tu: "Ee Bwana, usimchukue kwa uzembe wangu!"

Mashine ile huwa inagoma kuwaka. Siku ile iliwaka mara moja. Aleluya! Hewa ilipokwisha kushuka vya kutosha, niliwaomba wenzangu wanishushe mimi mwenyewe. Nilimkuta Masanja ameegemea ukuta, anapumua kwa shida, mkononi ameshika ile kamba ya kuita watu wa juu. "Nilivuta," aliniambia. "Nilivuta sana."

Alivuta, nami nikiwa nakula.

Alipona. Wabeja, Bwana! Asante, Yesu! Lakini msikae hapo mkinitikisia vichwa kana kwamba habari hii ni yangu peke yangu. Bomba la hapo nje linavuja tangu Pasaka, na sote tunaliruka dimbwi lake tukija kuabudu! Nani kalishika hata kwa mkono? Mwambie Bwana leo, "Moyo wangu umekufa ganzi, uamshe." Utauma. Wangu uliuma sana, na bado unauma, nami namshukuru kwa maumivu hayo.

Masanja alirudi kazini baada ya majuma mawili. Wenzake wakamkataza asishuke nikiwa mimi juu, na hawakukosea. Yeye akavaa buti, akasimama ukingoni mwa shimo, akaniuliza, "Baba Kulwa, upo?"

Nikamwambia, "Nipo."

Akashuka. Ndugu zangu, akashuka! Ikiwa Mungu aliweza kumfanya mtu yule aniamini tena mimi, wewe unashindwaje kumwamini Yeye?