Anayesimama Nyuma ya wa Mwisho

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali kuu. Mlezi Mkuu wa makao yetu. Walezi, walimu, mpishi wetu na askari wa lango: shikamooni.

KARIBU

Sisi watoto wa makao ya marekebisho tunakukaribisha kwa mikono miwili. Wengine wetu tunasubiri kesi, wengine tumeshahukumiwa, na wengine kesi zimekwisha lakini hakuna aliyekuja kutuchukua. Leo sote ni wenyeji wako. Tumefagia, tumepaka chokaa mawe ya njiani, na mpishi ametukataza kabisa kusogelea sufuria. Mlezi Mkuu alituelekeza kwamba katika risala hii mafanikio yawe mengi kuliko changamoto. Tumejitahidi kadiri tulivyoweza.

HISTORIA FUPI

Mheshimiwa, zamani makao haya yalikuwa na nesi wake. Tulimwita Shangazi. Alikaa chumba kile chenye mlango wa kijani, ambacho sasa tunawekea majembe.

Shangazi ndiye aliyetuanzishia kupimana. Asubuhi tukipanga mstari wa kuhesabiwa, wafupi mbele na warefu nyuma, kila mmoja humwekea aliye mbele yake kiganja kwenye paji la uso. Ukihisi joto, unapaza sauti, "Huyu anachemka!" Wa mwisho alipimwa na Shangazi mwenyewe, kwa sababu yeye alisimama nyuma ya mstari. Kisha aliuliza, "Nani hakulala vizuri, wanangu?"

Wengi wetu hatukuwahi kuulizwa hivyo na mtu mzima. Wapo waliosingizia tumbo ili wakakae naye kidogo. Alijua, na bado aliwabonyeza tumbo kwa makini kama wagonjwa wa kweli.

Shangazi alihamishwa. Aliondoka na begi moja, akatuambia atakuja mwingine. Tunamsubiri huyo mwingine. Kusema kweli, bado tunamsubiri Shangazi.

MAFANIKIO

Tuna vyoo vipya na bustani ya mboga. Timu yetu ya mpira iliwafunga walezi, ingawa wao wanasema ilikuwa sare. Upele umekwisha tangu tulipoanza kuanika magodoro juani.

Tena, kupimana hakujakoma. Tumeendelea vilevile, kwenye mstari uleule kama Shangazi alivyouacha. Tulitaka siku akirudi atukute hivyohivyo.

CHANGAMOTO

Dawa tuliyonayo ni vidonge vyeupe vya maumivu. Tunapewa kwa jino, kwa goti, kwa kichwa, na alishapewa hata mwenzetu mmoja aliyelia baada ya mama yake kukosa kuja siku ya wageni.

Kwenda hospitali kunahitaji kibali, gari na askari wa kusindikiza. Kibali kikipatikana, gari halina mafuta. Mafuta yakipatikana, askari yuko mahakamani. Na tukifika huko, watu kwenye benchi wanawavuta watoto wao karibu, na daktari anamuuliza askari tunaumwa wapi. Sisi tupo hapohapo, Mheshimiwa, na midomo tunayo.

Lakini linalotuuma zaidi ni habari ya Mlingoti.

Mlingoti ni mwenzetu, mrefu kuliko wote. Akigonga kichwa kwenye mlango, huuomba mlango radhi. Kwenye mstari yeye ndiye wa mwisho. Tangu Shangazi aondoke, nyuma ya Mlingoti hapakuwa na mtu, na hatukuliona hilo. Tulizoea kutazama mbele.

Asubuhi moja alimwekea mwenzake wa mbele kiganja, akasema, "We leo umepoa kama maji ya mtungini." Tukacheka. Mwenzake akamjibu, "Na wewe huo mkono umeutoa jikoni?" Tukacheka zaidi. Mkono ulikuwa unaunguza, ila sisi tulifundishwa kupima paji la uso, hatukufundishwa kupima mkono unaopima. Mlingoti alianguka kabla hesabu haijaisha. Mpishi alimbeba mgongoni hadi kwenye gari la kuni, miguu yake ikiburuta chini. Tulipotandua kitanda chake, tulikuta godoro limelowa jasho. Alikuwa anaumwa muda mrefu na hakuna aliyejua.

Yuko hospitalini kwako, Mheshimiwa. Hatuna ruhusa ya kumtembelea. Tukiuliza, tunaambiwa anaendelea vizuri. Hatumbishii mtu, ila ni watu walewale wanaotuambia nesi yuko njiani.

Siku hizi tunasimama duara, ili kila mtu awe na mtu nyuma yake. Askari wa lango analalamika kwamba duara halihesabiki, kwa hiyo humvalisha mmoja wetu kofia yake ili asisahau alikoanzia. Nafasi ya Mlingoti tunaiacha wazi. Aliye nyuma ya nafasi hiyo inambidi anyooshe mkono sana ili amfikie wa mbele. Tunamkumbuka sana, Mheshimiwa. Bweni limepoa, na milango haiombwi radhi tena.

MAOMBI

Tunaomba nesi wa kukaa hapahapa, majembe tutayatoa wenyewe. Tunaomba mtoto akiugua apelekwe siku hiyohiyo, na aulizwe yeye anaumwa wapi.

Ombi la tatu halikuwemo kwenye rasimu aliyoipitia Mlezi Mkuu, na kwa hilo tunamwomba atusamehe. Leo ukirudi kazini, tafadhali pita wodini kwa Mlingoti. Utamtambua kwa miguu iliyozidi kitanda. Simama upande wa kichwani, nyuma yake, umwekee kiganja kwenye paji la uso. Mwambie ni zamu yake. Halafu ututumie jibu, hata kwa askari wa lango: amepoa, au bado anachemka. Vyovyote litakavyokuwa, tutaliamini, kwa sababu utakuwa umemgusa.

Mungu akufikishe salama, aibariki mikono yako na wote wanaoisubiri.

Ni sisi,
Watoto wa Makao, pamoja na Mlingoti