Panya Majike na Ripoti Iliyofutwa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa wajumbe wa Baraza. Maprofesa na madaktari wa idara yetu. Shemeji yetu, mke wa Profesa, uliyetuazima mumeo miaka yote hii. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wenzangu wa ndoo na vizimba, mliosimama kule nyuma ingawa viti vipo: salaam kwenu nyote.

Nimepewa dakika tano za kumuaga Profesa. Mimi ni mtunza panya. Kwa miaka ishirini na miwili nimezungumza na wasikilizaji wasionikatiza, kwa hiyo nikirefusha, mnisamehe.

Wengi wenu hamjawahi kuingia chumbani kwetu. Kipo mwisho wa korido ya chini, kina dirisha moja pana, na katikati kuna tangi la duara lenye maji tuliyoyatia maziwa ya unga hadi yakawa meupe kama wingu. Ndani ya maji kuna kijukwaa kisichoonekana. Panya huogelea akikitafuta. Akikipata hupumzika, na kesho yake hukumbuka kilipo kwa kutazama picha tulizobandika ukutani. Alasiri, jua likiingia, mwanga wa maji hucheza darini, na ukikaa kimya unajiona kama na wewe unaelea. Nani mwingine humu ameajiriwa kuota ndoto mchana?

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunapima dawa mpya ya maumivu, iliyokusudiwa watoto wachanga wanaofanyiwa upasuaji. Panya wadogo, madume kwa majike, walipewa dawa hiyo wiki mbili. Walipokua tukawatia majini, wao na wenzao ambao hawakuionja. Profesa akajumlisha sekunde ambazo kila mmoja alitumia kukipata kijukwaa, akapata wastani, na wastani ukasema dawa haina neno. Ripoti ikachapishwa, tukapiga makofi. Nami nilipiga, lakini moyo ulikataa kutulia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwatoa majini na kuwafuta kwa taulo, mmoja mmoja.

Nikapanda ngazi hadi ofisini kwake.

"Profesa," nikamwambia, "madume waliopewa dawa wameongeza kasi. Majike wamepotea."

Hakuinua macho. "Mama, tumewajumlisha wote. Wastani uko sawa."

"Mume wangu anavaa kiatu namba kumi, mimi namba sita. Ukitununulia sote namba nane, nani atatembea?"

Ndugu wageni, alikasirika. Tusimpake mafuta kwa kuwa leo anastaafu: alinionyesha mlango. Nikashuka zile ngazi nikijiuliza kesho nitafanya kazi wapi.

Lakini kesho yake alasiri mlango wetu ulifunguliwa taratibu. Akaingia bila koti, akageuza ndoo, akaketi juu yake kando ya tangi. Nikamtia majini jike mmoja aliyepewa dawa. Akaogelea akizunguka, akizunguka, akifuata ukingo. Akakipita kijukwaa kwa upana wa kiganja, asijue. Mwanga ulicheza usoni mwa Profesa, na ule ukali wake wote ulikuwa umemtoka.

"Kama anaota," akanong'ona.

"Haoti, Profesa. Anatafuta."

Alikaa kwenye ndoo ile alasiri tatu. Siku ya nne akatenga hesabu: madume huku, majike kule. Dawa ile ile iliwaharakisha hawa na kuwapoteza wale, na tulipowachanganya, kosa la kule likafunikwa na ziada ya huku.

Je, angeweza kunyamaza? Angeweza sana. Ripoti ile ilikuwa imemfikisha mlangoni pa cheo alichokitamani, na aliyeijua siri ni mama mmoja mwenye taulo begani. Badala yake aliwaita wakubwa wote katika ukumbi huu huu, akasimama hapa niliposimama mimi, akasema: "Nilikosea. Ripoti ile nimeifuta. Aliyeona ni mtunza panya wetu." Cheo kikaenda kwa mwingine. Wapo waliokoma kumsalimia. Yeye akarudi chumbani kwetu, akaanza upya na panya wapya, mwaka na nusu, na jibu likawa lile lile, hadi likafika mahospitalini.

Profesa, sasa nikuambie jambo ambalo sijakuambia. Mwaka jana binti yangu alijifungua, na mtoto akahitaji upasuaji akiwa na siku tisa. Nilikuwa wodini muuguzi alipokuja na sinia la dawa. Akaniuliza, "Bibi, mjukuu wako wa kiume au wa kike?"

Nikamjibu, "Wa kike."

Akairudisha chupa moja kabatini, akachukua nyingine, akaendelea na kazi yake. Hakujua swali lile limetoka wapi. Mimi nilishika ukuta, nikalia, wakadhani namlilia mtoto.

Sasa anatambaa. Nikijificha nyuma ya pazia ananijia moja kwa moja, hapotei hata kidogo, kisha ananicheka.

Sikuwahi kukushukuru kwa kuyaamini macho yangu, Profesa. Nakushukuru leo, mbele ya watu wote. Nenda kapumzike, ndugu yangu. Na ninyi nyote mlionipa masikio yenu alasiri hii, asanteni sana kwa kunisikiliza.